Mba na Mapunye

Katika nchi ya Njombe na Makambako baridi huwa kali mwezi wa Juni na Julai. Siku hizo watu huvaa kofia za sufu na kuogopa maji. Basi kichwa huwasha, na unga mweupe huanguka mabegani. Unga huo huitwa mba. Si uchawi, wala ugonjwa huu hauambukizi. Katika ngozi ya kichwa huishi vijidudu vya namna ya hamira, navyo hula mafuta ya ngozi. Kwa hiyo apakaye mafuta mengi kichwani ili kuficha mba huwalisha adui zake. Na aoshe kichwa mara mbili kwa juma kwa sabuni ya nywele yenye dawa ya ketokonazoli, aache povu dakika 5, ndipo asuuze.

Lakini mba huwapata zaidi waliokwisha balehe. Mtoto mdogo mwenye mabaka ya magamba na nywele zilizokatika, yamkini ana mapunye. Hayo huambukiza kwa kitana, kofia na mashine ya kunyolea, wala kuosha tu hakuyaponyi. Apelekwe zahanati, apewe dawa ya kumeza kwa majuma kadhaa. Wenzake wasimcheke, bali wasiazimane vitana.