Trauti, samaki wa maji baridi: tulimfuata mpaka kwenye maziwa ya Mlima Kenya

Tangu mavuno ya viazi yaliyopita, maulizo mengi yanatufikia kutoka koperative za milimani: Lubero, Masisi, Kabare. Ulizo ni lile lile. Mabwawa yetu yako juu sana, maji ni ya baridi, tilapia anakaa mwaka mzima na bado anaenea katika kiganja cha mtoto. Wengine wamesikia kwamba kuna samaki mmoja anayependa baridi, anauzwa bei kali kwenye mahoteli, jina lake truite. Je, tutie huyo? Koperative moja ya Lubero ilikuwa imekwisha kutenga akiba yake ya viazi ili kuagiza vifaranga. Akiba ile ndiyo ingenunua mbegu za msimu ujao, kwa hiyo haikuwa pesa ya kuchezea.

Tungeweza kujibu kwa barua fupi. Lakini kati yetu tunaotengeneza gazeti hili na wafugaji wa samaki, kuna urafiki wa miaka, na rafiki mmoja alisema wazi: «Muende muone huyo samaki kwao kwanza, kiisha mutuambie.» Basi tukaenda watu sita, wawili wa gazeti na wanne wa koperative, mpaka Kenya, kuvua kwa siku tatu kwenye maziwa ya mlima.

Jina kwanza. Wakenya wanamwita trauti, sisi tuliosoma Kifaransa tunasema truite. Ni yule yule. Wako wa aina mbili wanaojulikana sana: trauti wa kahawia, anayetoka Ulaya, na trauti wa upinde wa mvua, mwenye mstari wa rangi ya waridi ubavuni, ambaye asili yake ni mito ya Amerika ya Kaskazini inayoshuka kwenye bahari ya Pasifiki. Hakuna hata mmoja aliyezaliwa Afrika ya Mashariki. Waingereza ndio walileta mayai yao kwa meli mwanzoni mwa karne iliyopita; mwaka 1905 mayai ya trauti wa kahawia kutoka Uskoti yaliingizwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Baadaye wakapelekwa katika mito ya Mlima Kenya, na mwisho katika maziwa madogo ya juu kabisa, ambayo zamani hayakuwa na samaki hata mmoja. Tunaomba msomaji aweke jambo hilo kichwani, tutalirudia.

Mlima Kenya una urefu wa mita 5,199. Sisi hatukufika huko kwenye theluji. Gari lilituacha upande wa mashariki, tukavuka kwa miguu bonde la mto Kazita, tukatokea kwenye ziwa Rutundu, mita 3,000 na kidogo juu ya bahari. Ziwa Alice liko juu yake zaidi, katika kilima cha Ithanguni, saa kadhaa za kupanda. Mzee wetu wa Kabare, ambaye anapanda milima tangu utoto, alikaa juu ya jiwe, akashika kichwa: «Hewa ya huku iko nyepesi, bwana.» Alikuwa ametaja jambo kubwa kuliko alivyojua.

Maji yanabeba oksijeni, na samaki anaivuta kwa matamvua yake. Maji ya baridi yanashika oksijeni nyingi kuliko maji ya vuguvugu. Pwani ya bahari, maji ya digrii 10 yanaweza kushika miligramu 11 hivi katika litre moja, na yakifika digrii 25 yanashika 8 na kitu. Ndiyo maana wengi wanasema tu: panda juu, kwenye baridi, trauti atakaa vizuri. Lakini kupanda juu kuna pande mbili. Kule hewa ni nyepesi, na maji nayo yanashika kidogo. Kwenye mita 3,000 yanashika kama asilimia 70 tu ya yale ya pwani. Trauti anataka isipungue miligramu 6 hivi. Rutundu inamtosha kwa sababu baridi yake ni ya kweli: asubuhi tulitia kipimajoto chetu pembeni mwa ziwa, kikasoma digrii 11. Sasa tazama bwawa la mita 2,000 kwetu, ambalo mchana linafika digrii 22. Likijaa oksijeni kabisa, linashika karibu 7. Usiku majani na matope ya bwawa yanakula oksijeni ile, asubuhi inabaki kidogo tu. Tilapia anavumilia hapo. Trauti anakuja juu kuhema, na siku mbili tatu za namna hiyo zinamtosha.

Digrii zenyewe: trauti anakula na kukua vizuri kati ya 10 na 16 hivi. Kupita 20 anaacha kula na kuanza kuteseka, na karibu na 25 anakufa. Tilapia ni kinyume chake. Yeye anataka 25 mpaka 30. Chini ya 20 anakua polepole sana na hazai vizuri, na maji yakishuka karibu na 16 anaacha kula. Kwa hiyo mabwawa mengi ya milima yetu, yenye digrii 18 usiku na 22 mchana, yako katikati: ni baridi kwa tilapia na ni moto kwa trauti. Wengi hawapendi kusikia hivyo, maana wakishika maji ya asubuhi kwa mkono wanasema ni barafu. Mkono si kipimo.

Turudi ziwani. Uvuvi wa kule haufanani na wetu wa sambaza, wa nyavu na taa za usiku. Kila mtu anakata kibali kwanza, anapewa idadi ya samaki anaoruhusiwa kuchukua, na nyavu hazikubaliki. Anavua kwa fimbo ndefu, uzi mzito na ndoana moja iliyofungwa manyoya na nyuzi ili ifanane na mdudu. Unarusha, unavuta taratibu, unarusha tena. Kutwa nzima ya kwanza hatukupata kitu. Mama mmoja wa Masisi, ambaye koperative yake inauza kilo kwa kilo, alimwuliza kijana aliyetuongoza:

— Mwanangu, kweli humu muko samaki?

— Wamo, mama. Subiri jua lishuke, wadudu watoke.

Na kweli, karibu na magharibi upepo ukatulia, wadudu wakaanza kutua juu ya maji, na ziwa likawa na viduara kila mahali. Trauti walikuwa wanapanda kuwala. Mama akapata wa kwanza, wa karibu nusu kilo, akapiga kelele ikasikika ng'ambo. Kabla ya giza tulikuwa na watatu. Kusema kweli, kama kazi ya kutafuta mboga, uvuvi ule ni hasara; wale wanaokuja kule wanalipa ili wafurahi, na serikali na watu wa kijiji wanapata kitu katika malipo hayo. Ni biashara ya utalii. Sisi hatukudharau: saa ile ya magharibi ilitupendeza wote sita.

Tulipowapasua, tulipata jibu lingine. Tumboni mlikuwa na viluwiluwi vya kerengende, konokono wadogo, na wadudu wenye mabawa. Majani hayakuwamo. Mzee wa Kabare akasema, «Kumbe huyu ni kama paka.» Ni hivyo. Tilapia tunamlisha pumba, majani ya magimbi, mabaki ya jikoni, na mbolea ya sungura au ng'ombe inayokuza chakula chake ndani ya maji. Trauti wa kufugwa anataka chakula chenye protini karibu asilimia 40, yaani unga wa samaki, soya, damu iliyokaushwa, vikapikwa na kuwa punje. Kwa chakula kizuri cha kiwandani, mfugaji anatumia kilo moja na robo hivi kupata kilo moja ya samaki. Inaonekana vizuri, mpaka uulize kilo hiyo ya chakula itatoka wapi na itafika Lubero kwa bei gani barabara ikiwa imekatika. Na kama tutachukua sambaza wa Kivu kuwasaga ili kulisha trauti, tutakuwa tumenyang'anya sahani ya watoto wetu ili kulisha hoteli. Hayo ni maoni yetu, lakini tunayasimamia.

Jambo la tatu ni mbegu. Tilapia anazaa mwenyewe bwawani, tena anazidisha. Trauti haatamii mayai kwenye maji yaliyosimama. Jike anachimba changarawe katika mto wenye maji safi yanayokimbia, anafukia mayai humo, na kwa digrii 10 yanaanguliwa baada ya mwezi mmoja hivi. Ziwa lisilo na kijito kizuri halipati kizazi. Ni lazima watu walete vifaranga tena na tena. Kenya wanacho kituo cha serikali pale Kiganjo, karibu na Nyeri, ambako mayai yanakamuliwa kwa mkono na kuanguliwa katika masanduku yenye maji ya mto yanayopita mchana na usiku. Kukauka kwa mfereji kwa saa chache, au tope la mvua kubwa, kunaua kila kitu. Koperative inayoagiza vifaranga mara moja haijanunua ufugaji, imenunua mavuno ya mara moja. Na mavuno yenyewe, samaki wa gramu 250 hivi, yanachukua karibu mwaka.

Sasa lile jambo tuliloomba mliweke kichwani. Maziwa yale ya Mlima Kenya hayakuwa na samaki. Lakini ziwa lisilo na samaki haliko tupu. Lina vyura, wadudu na viumbe vingine, na trauti anapoingia anaanza na hao. Mahali penye samaki wa asili ni mbaya zaidi. Katika ziwa Titicaca, kati ya Peru na Bolivia, trauti alitiwa katika miaka ya 1940. Leo watu wanamfuga na kumla, ni kweli, ila samaki wa asili wa ziwa lile walipungua sana, na mmoja mkubwa waliyemwita umanto hayuko tena duniani.

Mtatuambia: na sambaza? Yeye pia alitoka Tanganyika, akatiwa katika ziwa Kivu mwaka 1959, na leo anatulisha. Ni sawa. Sambaza alikuta katikati ya Kivu, kwenye maji marefu, hakuna samaki aliyekuwa anakula vijidudu vya pale. Alipata nafasi wazi. Hata hivyo hakuna aliyejua mapema kwamba itakuwa hivyo, na hakuna aliyeweza kumtoa kama ingekuwa vingine. Trauti akitoroka bwawani siku ya mvua kubwa, anaingia mtoni, na mito yetu ya baridi ina samaki wadogo na vyura ambao ni vyakula vya mdomo wake kabisa. Ndani ya hifadhi kama Virunga na Kahuzi-Biega, kutia samaki wa kigeni hakuruhusiwi hata kidogo, na mito mingi ya Kabare inashuka kutoka huko.

Basi afanye nini mwenye bwawa la baridi? Kwanza apime. Kipimajoto kitiwe ndani ya maji kwa kina cha mkono, saa kumi na mbili asubuhi na saa nane mchana, kila siku kwa majuma manne, na tena wakati wa kiangazi. Apime pia maji yanayoingia: ndoo ya litre 20 chini ya bomba la mfereji, hesabu sekunde mpaka ijae. Kama mchana hayapiti digrii 17, na mfereji haukauki mwaka mzima, na kuna mnunuzi aliyeahidi kwa karatasi, tutakaa pamoja kuzungumza juu ya trauti. Mahali kama hapo ni pachache.

Kwa wengine wote kazi ni kupasha bwawa joto, na hapa tumeona makosa mengi kwa macho. Wafugaji wanaacha mfereji wazi usiku na mchana, wakidhani maji mapya ni afya. Kwa trauti ingekuwa vile. Kwa tilapia unaleta baridi ya mlima kila saa na kufukuza mbolea uliyotia. Fungua kidogo tu, kurudisha yale yaliyokauka na kuvuja. Kata miti inayotia kivuli upande wa mashariki. Tia samaki wachache, ondoa vitoto vya tilapia mara kwa mara ili wakubwa wapate kula. Na kule ambako hata hivyo maji hayapandi kupita 20, kapu, yaani carpe, anavumilia baridi kuliko tilapia na anakula karibu kila kitu. Naye pia ni mgeni, achungwe asitoroke.

Koperative ya Lubero ilianza kupima tuliporudi. Majuma mawili ya kwanza, asubuhi ilikuwa digrii 17, mchana 21. Akiba ya viazi bado iko kwa mweka hazina, na mkutano wa kuamua utakaa karatasi ya majuma manne itakapojaa. Vipimajoto viko kwa muhamasishaji wa kila kituo. Vinaazimwa bure, na mtu aandike jina lake katika daftari.