Jirani, Njoo na Sufuria Yako!

Wengi wetu hapa Dar tunawajua majirani kwa honi ya gari getini tu. Sasa mtoto akizidiwa saa nane usiku, utamgongea nani? Ndugu zako wako Mbeya!

Ushauri wangu: andaeni mlo wa pamoja mtaani. Desemba 9, sikukuu ya Uhuru, wengi huwa nyumbani. Na jamani, msichangishe pesa; michango ya harusi imeshatuchosha. Kila nyumba ilete sufuria moja. Gawaneni vyakula mapema, la sivyo mtajikuta na masufuria sita ya pilau bila kachumbari! Kilo 1 ya mchele inatosha watu 8 hivi. Kuku au mbuzi achinjwe na Mwislamu, ili kila mtu ale bila wasiwasi. Mambo yakiwa magumu, mtu alete mkeka au barafu; naye ni mwenyeji. Kwa joto letu hili, chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2.

Mkishashiba, peaneni namba za simu. Mimi na mume wangu tunaanza na nyumba tano tu. Wewe je?