Mawe ya Figo Kwa Buda, Kwa Auntie, Sasa Kwako? Hii Jeni Ilisakwa Hadi 1997

Buda yako alitolewa mawe kwa figo. Auntie naye mifupa inavunjika ovyo. Sasa ni wewe unashika mgongo usiku, na mtaani washaanza kusema mmerogwa. Tulia msee. Kuna jeni inaitwa MEN1.

Kwa shingo, nyuma ya pale goita huvimbia, uko na vitezi vinne, kila kimoja saizi ya punje ya mchele. Vinaitwa parathairodi, na kazi yao ni kuchunga kalsiamu kwa damu. Vikipagawa, vinatoa kalsiamu kwa mifupa na kuimwaga kwa damu. Mifupa inaisha nguvu, figo inajaa mawe. Wenye ugonjwa wa MEN1, zaidi ya 9 kati ya 10 hupata hii shida, na wengine huota uvimbe hadi kwa kongosho.

Daktari Paul Wermer alikuwa ameandika tangu 1954 kwamba hii kitu inatembea kwa familia. Lakini jeni yenyewe iko wapi? Binadamu ana karibu 20,000. Ni kama kutumwa Nairobi utafute Kamau, na huna namba yake.

1988, watafiti wa Uswidi wakapata njia, na hii ndio part tamu. Walichukua uvimbe wa kongosho wa ndugu wawili wagonjwa, wakalinganisha na DNA yao ya kawaida. Kwa uvimbe kuna kitu ilikuwa imepotea: nakala moja kwenye kromosomu 11.

Cheki vile inaenda. Kila jeni uko nayo mara mbili, moja ya mathe, moja ya buda. Chukulia ni masoja wawili kwa geti. Ukirithi mmoja mbovu, mwenzake bado anashikilia. Siku huyo mzima anatoweka kwa seli moja, hiyo seli inazaana bila breki. Kwa hivyo penye pengo ndipo pa kusaka.

Hata hivyo kusaka kuliendelea hadi 1997, ndio timu ya Marekani ikainasa.

Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi ya 50 kwa 100. Siku hizi damu kidogo tu inaonyesha nani ameirithi, hata kabla augue. Aliyeikosa anaachwa na amani yake. Aliye nayo anachungwa mapema.

Na usipanic, mawe mengi ya figo hayana uhusiano na MEN1. Lakini kama kwenu mko wawili watatu, ambia daktari akupime kalsiamu, na umtajie hao wengine wote.