Kelele Hupunguzwa Penye Chanzo Chake

Watu wengi hudhani ya kuwa kelele ni jambo la kuvumiliwa tu, kama vumbi la kiangazi. Kinu cha unga kikinguruma sokoni, redio ikilia dukani, na dereva wa matatu akipiga honi alfajiri, mwenye nyumba hufunga dirisha na kunung'unika. Lakini kelele ina chanzo chake, ina njia ipitayo, na ina sikio iliendealo. Na katika kila mahali pa hapo patatu pana jambo liwezalo kufanywa. Yafaa tuyaeleze kwa taratibu, maana fedha nyingi hupotea kwa kuanza pasipofaa.

Madhara Yake

Ndani ya sikio mna kijumba kilichojipinda mfano wa konokono, na humo mna chembe zenye vinywele vidogo mno, zaidi ya elfu kumi katika kila sikio. Chembe hizo ndizo zipelekazo habari ya sauti kwenye ubongo. Zikipigwa na kelele kubwa kwa muda mrefu hufa, na zikifa haziote tena. Kelele ndogo kuliko hiyo huharibu usingizi. Na mtoto asiyesikia vema maneno ya mwalimu huhesabiwa kuwa mzito wa akili, kumbe kosa si lake.

Kelele hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili waliokaa karibu ni kama desibeli 60. Kipimo hiki hakiendi kama kilo za sukari, maana kila zinapoongezeka desibeli 3 nguvu ya sauti huwa maradufu. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mtu mzima asisikilize sauti ya desibeli 80 zaidi ya saa 40 kwa juma. Sauti ikifika desibeli 90, saa hizo hupungua kuwa 4 tu.

Kwanza, Chanzo

Tuchukue mfano wa kinu cha unga chenye injini ya dizeli, kilicho karibu na shule na nyumba za watu. Mwenye kinu na atazame sailensa ya bomba la moshi. Ikiwa imetoboka au imeondolewa, hapo ndipo penye sehemu kubwa ya ngurumo, na kuweka nyingine si gharama kubwa. Kisha akaze bolti zilizolegea na kutengeneza mikanda ipigayo. Injini isifungwe kwenye ukuta wala mbao za jengo, kwa kuwa jengo lote litatetemeka kama ngozi ya ngoma. Na ikae juu ya msingi wake wa zege, na kati yake na msingi huo patiwe mpira mnene. Mdomo wa bomba na mlango wa kinu uelekezwe mbali na makazi.

Na ikiwa kinu hakijajengwa bado, kichaguliwe kiwanja kilicho mbali. Mahali pa wazi, kila umbali unapokuwa maradufu sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi.

Vipaza sauti vya kanisani, msikitini au dukani vina kanuni kama hiyo. Kipaza sauti kimoja kikubwa kilichowekwa juu ya paa husumbua kijiji kizima, na hata hivyo walioketi nyuma hawasikii vizuri. Vidogo kadhaa vilivyowekwa chini, karibu na wasikilizaji, huwafikia wale waliokuja kusikiliza bila kuwaamsha waliolala.

Pili, Njia

Sauti huzuiwa na kitu kizito kisicho na nafasi. Ukuta wa mawe au matofali, mrefu kiasi cha kukuzuia usiione mashine, husaidia sana, hasa ukiwa karibu na mashine yenyewe au karibu na nyumba. Ua wa miti wa mstari mmoja hupendeza macho, lakini hauzuii sauti nyingi. Pazia nalo hupunguza mwangwi chumbani, wala halizuii ngurumo itokayo nje.

Tena, tundu dogo huharibu kazi ya ukuta mzima. Nafasi chini ya mlango, na uwazi kati ya ukuta na paa, hupitisha sauti kama zipitishavyo upepo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika habari hii ya kelele, hata ukijenga ukuta ni lazima uzibe ufa.

Darasa lenye paa la mabati lataka dari. Mvua ikinyesha juu ya mabati matupu mwalimu hunyamaza, na somo hupotea. Mbao za dari zikipigiliwa chini ya mabati, masomo yaweza kuendelea.

Tatu, Sikio

Kinga ya sikio ni ya mwisho, nayo yamhusu hasa yule asiyeweza kuondoka penye kelele, kama mwendesha kinu. Na apewe vizibo au vifuniko vya masikio vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Pamba ya kawaida haitoshi.

Sheria Yasemaje?

Kanuni za Kenya za mwaka 2009 juu ya kelele ziliweka kiasi cha desibeli 50 nje ya nyumba katika mitaa ya makazi wakati wa mchana, na 35 wakati wa usiku, yaani baada ya saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Na katika kuamua kama kelele imepita kiasi, hutazamwa pia kama mwenye kuifanya angaliweza kuipunguza bila taabu au gharama kubwa. Neno hilo ni zito. Mwenye kinu ambaye sailensa yake imetoboka hana la kujitetea.

Basi jirani mwenye kusumbuliwa na amwendee kwanza mwenye kelele kwa adabu, wakati kinu kimezimwa, amwonyeshe jambo moja lipasalo kutengenezwa. Asiposikilizwa, ana haki ya kupeleka habari kwa chifu au kwa halmashauri ya mazingira, NEMA. Lakini mara nyingi sailensa mpya humaliza shauri kabla halijafika huko, na watoto wakamsikia mwalimu wao.