Koko na Mbwa wa Daftari

Mbwa wa kienyeji wa Mwese, katika nyanda za juu za Katavi, huitwa "koko", kana kwamba hana asili. Neno hili lapotosha. Umbo lake limechongwa na maradhi, njaa na mawindo kwa vizazi vingi. Alilokosa ni daftari la nasaba tu. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika misitu ya Kongo, mbwa wa kienyeji aliitwa "basenji", neno lililo ndugu wa "washenzi" wetu. Alionyeshwa London mwaka 1937, na mwaka 1943 chama cha mbwa cha Marekani kikamkubali kuwa mbegu kamili. Lakini waanzilishi wake walikuwa wachache mno, na maradhi ya figo yakaenea. Mwaka 1990 daftari likafunguliwa tena: washenzi wa kijijini wakaitwa kuwaokoa washenzi waliosajiliwa.