Fumbo la Maneno na Adabu ya Kudokeza

Fumbo la maneno, yaani mchoro wa miraba inayojazwa herufi kwa kufuata vidokezo, lilitungwa na Arthur Wynne na kuchapishwa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, kisha Waingereza wakaliendeleza hadi likapata tawi gumu zaidi, ambalo kidokezo chake husema jambo moja huku kikificha jingine. Kiswahili kinalifaa sana tawi hilo, kwa kuwa kimejaa maneno yenye maana zaidi ya moja. Msomaji wa Makanyagio, mjini Mpanda, akikuta kidokezo "Hukaa Mto Katuma, lakini hata darasani huogopwa (6)", huenda akafikiria mamba, ambaye herufi zake ni 5 tu, kabla ya kukumbuka kuwa kiboko ni mnyama na pia ni mjeledi. Kingine chaweza kusema "Mji wa Katavi uliokatwa kichwa waenda shambani (5)", na hapo Mpanda ikiondolewa herufi ya kwanza hubaki panda, kazi ya mkulima mvua zinapoanza.

Aliyelipata jibu hapaswi kulitamka mbele ya wenzake. Hata katika vitendawili, mtegaji hafichui jibu mpaka aliyeshindwa atoe mji, na kusubiri huko ndiko utamu wenyewe. Mdokezaji mwema hutaja tu neno lenye maana mbili, au herufi ya mwisho, akanyamaza. Wahariri wa magazeti ya Kiswahili na watunge mafumbo ya aina hii kila wiki, kwa sababu wasomaji wa kuyafumbua wapo.