Binti Anataka Kusomea Udaktari wa Meno

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, hutujia mzazi akauliza kwa sauti ya chini: binti yangu amefaulu, anataka kusomea udaktari wa meno, je, nimruhusu aende bara?

Safari ni ndefu, hatufichi. Shahada hii husomeshwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Ni miaka mitano ya masomo, kisha mwaka wa mafunzo ya kazi hospitalini, ndipo Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno limsajili. Nafasi ni chache, na huzichukua wenye alama za A na A-. Nguzo ni Biolojia na Kemia, pamoja na Hisabati au Fizikia. Anayedharau Kemia mapema huwa amejifungia mlango mwenyewe.

Asiyefikia alama hizo asivunjike moyo. Vyuo vya KMTC hutoa stashahada ya afya ya kinywa ya jamii, ambayo mhitimu wake hung'oa na kuziba meno na kuwafunza watoto skulini. Wapo pia mafundi wa meno ya bandia, kazi ambayo sisi twaistahi kuliko wengi waionavyo.

Lakini swali la mzazi halikuwa la alama. Ni hofu ya kumpeleka binti mbali, nayo si hofu ya kuchekwa. Twamwomba tu aitazame na ya upande wa pili. Miongoni mwetu wamo akina mama wanaovumilia gego bovu mwezi mzima kwa kuona haya kuvua nikabu mbele ya daktari mwanamume. Atawatibu binti wa nani? Imam Ghazali aliuhesabu utabibu kuwa faradhi ya kutoshelezana, akawalaumu watu wa zama zake waliosongamana kwenye fiqhi ilhali miji mingi haikuwa na tabibu Muislamu.

Basi mzazi na aulize yanayoulizika: bweni la wasichana likoje, jamaa gani wa kuaminika wako karibu, jumuiya ya wanafunzi Waislamu yaendeshwaje, na karo italipwaje bila riba. Maswali haya yaulizwe sasa, binti mwenyewe akiwapo kikaoni, kwani muda wa kubadilisha chaguo la kozi huwa siku chache tu.